Choo chenye Dirisha

Zihindula alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Vita vilimfukuza kwao mwaka 1998. Mwaka uliofuata alikuwa anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na mkewe Fortunée na binti yao Gabriella, mwenye miaka minne. Mishono yake ilikuwa safi. Lakini ubishi! Mtu huyo angebishana hata na sindano yake.

Familia sita, pamoja na yake, zilitumia choo kimoja kipya. Ndani kilikuwa na giza. Bomba refu lilitoka shimoni hadi juu ya paa, na mdomo wake ulifungwa wavu wa chuma. Siku moja Zihindula alienda Lilongwe kununua nyuzi, akaingia choo cha hoteli. Lo! Dirisha kubwa, kioo ukutani, mwanga kila pembe. Alirudi na mipango.

"Bantu ba Bukavu hatuwezi kujisaidia gizani kama panya," aliwaambia majirani.

Akatoboa dirisha. Akatundika kioo. Na kwa kuwa bomba lilitoa harufu karibu na kanisa la mtaa, akang'oa wavu, akaliziba bomba kwa vipande vya kitenge. Majirani wakampigia makofi. Mama mmoja alikaa humo nusu saa akisuka nywele, wenzake wanabana miguu nje!

Wiki haikuisha, nzi wakajaa. Walitoka chooni wakatua kwenye nsima, ugali wa huko, na kwenye midomo ya watoto. Kisha Gabriella akaanza kuhara. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani, hana nguvu hata ya kulia. Zihindula aliogopa sana. Walikimbia vita na mtoto huyu mgongoni. Sasa wampoteze hapa?

Fortunée alimkimbilia Annonciata, mhudumu wa afya wa mtaa wao. Annonciata alikoroga pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini katika lita moja ya maji safi.

"Mumpe kidogo kidogo, musichoke," alisema. "Na tumupeleke kliniki sasa hivi."

Kliniki walimtibu. Jioni mtoto alikojoa, dalili kwamba maji yamerudi mwilini, na Fortunée akashangilia kwa sauti. Kesho yake Annonciata alienda kuona choo.

"Nani aliziba bomba?"

"Ni mimi, mama," Zihindula alijibu, akiangalia chini.

"Papa Gabi, nzi anapenda mwanga. Choo ikiwa giza, nzi wa shimoni anaona mwanga wa bomba tu. Anapanda, wavu unamuzuia, anafia mule. Harufu nayo inapitia kule juu. We umefunga njia ile, ukafungua dirisha nzi waende kula na batoto!"

"Kumbe giza ile ilikuwa na kazi?"

"Njo vile. Na mikono munanawa?"

"Mara moja moja..."

"Hapana! Kwa sabuni, kila mukitoka chooni, kila mukitaka kula."

Safari hii hakubisha hata kidogo. Aliziba dirisha kwa tofali, akazibua bomba, akafunga wavu mpya. Fortunée akaweka ndoo ya maji yenye bomba dogo na sabuni mlangoni. Familia zote sita zikakubali kupokezana kuijaza.

Nzi wakapungua, harufu ikaisha. Siku moja wakati wa chakula, Gabriella alimaliza nsima yake, akasukuma sahani mbele ya baba yake.

"Papa, ongeza."

Zihindula akamwongezea yote iliyokuwa yake. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.