Kaka Yangu Alisema Mume Wangu Asiongezewe Mkataba

"Msimuongezee mkataba. Royce amekwisha."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, nimesimama nje ya mlango wa ofisi ya timu, mikononi nimebeba sinia la mikate ya mdalasini.

Na aliyeyasema si adui. Ni Gordy. Kaka yangu wa tumbo moja!

Jamani, ngoja niwaeleze, maana hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Mimi naitwa Lorna. Mume wangu, Royce, alikuwa mdakaji wa timu ya Korongo wa Omaha. Kama hufuatilii besiboli, mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa barakoa ya chuma, anadaka kila mpira unaorushwa. Mpira ukikwaruza gongo kidogo tu ukapinda, unamkuta yeye usoni. Si kazi ya walegevu.

Gordy ndiye kocha wa wadakaji. Yeye ndiye aliyemnoa Royce tangu akiwa hajulikani, na yeye ndiye aliyemleta nyumbani kwetu mara ya kwanza... hadi tukaoana.

Siku hiyo msimu ulikuwa umeisha, na wakubwa walikaa kuamua kama Royce aongezewe mkataba au aachwe. Kwa umri wake, Korongo wakimwacha hakuna timu nyingine itakayomgusa. Ndiyo basi tena.

Mimi nilipeleka mikate kwa wadada wa mapokezi, kama ninavyofanya kila msimu ukiisha. Kumbe nimekwenda kusikia nyumba yangu ikibomolewa.

Sikubisha hodi. Niliingia.

Wanaume wa tai walikuwa wamezunguka meza, na Bwana Pruitt, bosi wao, kakaa pale mbele. Gordy aliponiona akainamisha macho.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia nikiwa hapa."

"Lorna, toka nje. Tutaongea."

"Tuongee nini? Krismasi zote unakula mezani kwangu, leo unamzika mume wangu akiwa hai?"

Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililonipandisha mori zaidi. Mtu mwenye haki si angesema kitu?

Nikamgeukia Pruitt, nikamwaga yote. Nikamuuliza ni nani aliyecheza na kidole kimevunjika bila kulalamika, na watoto wa mji huu wanavaa jezi ya nani. Nikamwambia kaka yangu ana kijicho tu, kwa sababu yeye enzi zake aliishia ligi za chini.

Nilijua hilo litamchoma. Ndiyo maana nililisema.

Pruitt alikuwa anatabasamu. Akasema amenielewa sana, na kwamba maneno yangu yana uzito.

Gordy akanifuata mbio hadi kwenye maegesho. Nilimwambia asikanyage tena kwangu, Sikukuu ya Shukrani atafute pengine pa kula, na watoto wangu asiwaite tena wapwa zake. Aliniangalia tu, macho mekundu.

"Muulize Royce, mdogo wangu," akasema. "Muulize, halafu ukae kimya usikilize."

Nikampandishia kioo cha gari.

Nyumbani nilimkuta Royce jikoni, anakoroga sufuria ya chili, ule mchuzi wake wa nyama na maharage. Nikamsimulia kila kitu huku natukana, nazunguka meza, nasubiri na yeye awake.

Hakuwaka.

Alizima jiko, akavuta kiti, akakaa.

"Mimi ndiye niliyemwomba shemeji aseme vile."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

"Nilimwomba, Lorna. Mimi mwenyewe siwezi kuwaambia hapana. Wakiniwekea karatasi mbele nitasaini, najijua."

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo wachezaji wanalifanya, na sisi wake zao tunalijua, tunanyamaza.

Kila mwaka kabla ya msimu, madaktari wanawapima kumbukumbu. Unasomewa maneno, unayarudia. Baadaye ukigongwa kichwani unapimwa tena, wanalinganisha. Wakiona umeshuka, unakaa nje.

Sasa wajanja wanafeli makusudi kile kipimo cha mwanzo, ili hata wakigongwa ionekane hakuna kilichoshuka. Royce alifanya hivyo miaka yote. Akirudi nyumbani ananiigizia alivyojifanya zuzu mbele ya daktari, tunacheka hadi tunashika mbavu.

"Mwaka huu sikujifanya," akaniambia. "Niliogopa, nikataka kujua ukweli. Nikajaribu kwa nguvu zangu zote..."

Akafuta meza kwa kiganja.

"Nikapata alama zilezile za zuzu."

Nilitaka kupiga kitu. Hasira yote niliyotoka nayo kwa Gordy ikamgeukia yeye. Nikamuuliza, kwa nini umwambie Gordy usiniambie mimi? Mimi ni nani humu ndani, mpangaji?

"Nilikuambia mwezi wa nane kwamba kichwa hakitulii," akasema taratibu. "Ukaniambia nivumilie mpaka suala la mkataba lipite."

Nilisema hivyo. Wala sikuwa nimemtazama usoni wakati nasema.

Hapohapo simu yake ikaita. Pruitt. Royce akaweka sauti ya wazi.

"Hongera, kijana," Pruitt akasema. "Tumekuongezea. Gordy alikuwa anapinga, ila mkeo alikutetea kweli kweli. Mshukuru sana."

Ndugu zangu, kumbe mkataba huo nimempigania mimi.

Royce akafungua mdomo, na niliiona kabisa ile "ndiyo" inakuja. Nikamnyang'anya simu.

"Gordy aliwaambia kuhusu kichwa chake?"

Pruitt akakohoa. "Aligusia. Lakini vipimo vyake viko vilevile kila mwaka, mama. Na wadakaji wote vichwa vinawauma, ndiyo kazi yenyewe. Mashabiki wanamtaka."

Kwa hiyo walijua! Walikaa pale na tai zao, wakaambiwa, wakaona afadhali jezi ziendelee kuuzika.

"Royce hasaini," nikamwambia. "Wewe si una mtoto wa kiume? Mvalishe yeye hiyo barakoa, mkamchuchumalishe huko. Na usipige tena hapa."

Nikakata. Royce akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akapakua chili yake, akala.

Nikampigia Gordy. Hakupokea. Nikapiga tena, akakata.

Nikiwa bado nimesimama na simu mkononi, Royce akainua uso kutoka kwenye bakuli.

"Wale wa timu hawajapiga?" akaniuliza. "Wamesemaje kuhusu mkataba?"

Nikakaa, nikamweleza upya, tangu mwanzo.

Wewe unayesoma hapa, siku ukiona mtu anamzibia mumeo njia, kabla hujafungua mdomo kutukana, mgeukie mumeo umuulize kama hiyo njia anaitaka. Na akikujibu, msikilize. Mimi siku ile nilipigana nikashinda, na niliyempiga ndiye mtu pekee mle ndani aliyekuwa anamtetea mume wangu.