Waya Usio na Nguo

Simu ya gereji iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

Mzee Kassamali hakuinua macho kwenye dainamo aliyokuwa akiifungua. "Yustina. Ya kwako hiyo."

Yustina Mughwai alifuta grisi mikononi, akapokea.

"Nyuki ametua." Sauti ilikuwa ya Gasto, mkubwa wake katika kazi ile nyingine, ya upelelezi, ambayo Singida nzima haikuijua.

"Wapi?"

"Mtinko. Kilimani, juu ya kijiji kipya cha ujamaa."

Kijiji kile kilikuwa kimewapokea wapigania uhuru wa kusini pamoja na watoto wao. Mama yake aliishi pale. Na kwa mama yake alikaa Dina, binti yake wa pekee.

"Umeme wa gari lake umekufa," Gasto aliendelea. "Anatafuta fundi. Nenda ukatengeneze. Nataka kujua amebeba nini."

Simu ikakatika.

Nyuki alikuwa mzungu aitwaye Reinke. Gari lake lilikuwa lori la Bedford lililogeuzwa nyumba: kitanda, jiko, friji, mapazia. Watu wa Itigi waliliita nyumba inayotembea. Alijitambulisha kama mpiga picha wa maua ya porini. Tangu Itigi hakuna aliyemwona akishika kamera.

Yustina alificha bastola yake, Browning, chini ya spana katika sanduku la vifaa, akapanda Land Rover.

Kilimani hapakuwa na upepo. Chini, mabati mapya ya shule yalimeremeta, na watoto walikuwa wakiimba hesabu.

Reinke alimsubiri mlangoni, saa mkononi. "Fundi mwanamke?" Kiswahili chake kilikuwa safi mno.

"Ulitaka fundi au ulitaka mwanaume?"

Reinke hakucheka. "Gari linawaka. Ila taa za ndani na friji vimekufa. Fanya haraka, mama, nyama yangu itaoza."

Yustina alifungua friji. Ndani hapakuwa na nyama, wala kitu kingine chochote.

Aliifunga taratibu, kama hakuona.

Gari lilikuwa na betri mbili, moja ya injini, moja ya nyumba. Alitoa taa yake ya kupimia, akaigusisha kwenye betri ya nyumba. Ikawaka. Betri nzima. Akapima fyuzi. Ikawaka. Akapima upande wa pili wa swichi kuu.

Giza.

Kabatini, juu ya swichi, palikuwa na ndoo ya asali.

"Ya Itigi?"

"Nilipewa. Walikataa kuniacha niondoke bila kuipokea."

"Ndiyo iliyokuzimia taa. Imevuja."

Alifungua kifuniko cha swichi. Ndani sisimizi walikuwa wamejazana kama punje za ulezi, wamegandana na asali katikati ya vyuma viwili vinavyopaswa kugusana. Akawachokoa kwa bisibisi, akasugua vyuma kwa msasa, akafunga.

Taa ziliwaka. Friji ikanguruma.

Na nyuma ya kabati la nguo kitu kingine kikaanza kuvuma.

Yustina alizima taa. Akazima friji. Mvumo ukaendelea. Kitu kilikuwa kinakunywa umeme bila kuwa na swichi yake. Waya mweusi ulitoka nyuma ya swichi kuu, ukapita chini ya kitanda, ukapanda ukutani hadi darini.

Alichungulia dirishani. Kutoka paa la gari hadi kwenye mti palikuwa na waya wa kuanikia nguo. Wa shaba. Mwanaume aliyekaa njiani mwezi mzima, na waya ule haujawahi kuonja shati bichi.

Ile haikuwa kamba ya nguo. Ilikuwa antena.

"Nyuma ya kabati kuna nini, bwana?"

Alipogeuka, bastola ilikuwa usoni pake.

"Redio ya kuongoza ndege," Reinke alisema kwa upole. "Ilipozimika nilidhani kazi imeharibika. Rubani yuko angani sasa, anaifuata sauti hii. Umemwita mwenyewe, mama. Asante."

Watoto walikuwa bado wanaimba.

Yustina aliachia spana iliyokuwa mkononi, juu ya betri ya nyumba.

Ilianguka juu ya vichwa vyote viwili vya betri. Cheche nyeupe zikaruka, harufu ya chuma kilichoungua ikajaa. Reinke alifumba macho. Yustina akaipiga spana teke, ikachomoka. Akainua sanduku zima la vifaa, akamshushia kichwani.

Mvumo haukukatika.

Alimburuta nje, akamfunga kwa kamba kwenye bampa ya Land Rover, akashika redio ya mawasiliano ya gari lake.

"Gasto. Kuna ndege inakuja kupiga kijiji. Redio ya kuiongoza iko kwenye gari."

"Izime."

"Nikiizima rubani ataona mabati kwa macho. Ameshakaribia mno."

"Sasa?"

"Naihamisha."

Aliukata waya mtini, akauacha uburutwe. Bedford ilishuka kilima kwa upande wa pili ikipiga kelele kila mahali, sahani zikipasuka. Mbele kulikuwa na mbuga ya chumvi, nyeupe, isiyolisha hata mbuzi. Aliendesha mpaka katikati, akasimama, akatandaza antena juu ya chumvi.

Akasikiliza. Redio ilivuma. Na kusini, mbali, injini nyingine ikaijibu.

Alishusha pikipiki ya Reinke iliyofungwa nyuma ya gari. Akaipiga kiki. Haikuwaka.

Akapiga tena.

Ikawaka. Akarudi ndani kuchukua kitu kimoja, akaondoka bila kutazama juu.

Ardhi ilitikisika mara mbili. Alipofika ukingoni mwa mbuga ndipo alipogeuka. Nyumba inayotembea ilikuwa moshi. Ndege ilizunguka mara moja juu ya chumvi tupu, ikarudi ilikotoka.

Jioni Yustina aliiacha pikipiki njiani, akaingia uani kwa mama yake kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umejaa vumbi hivyo?"

Dina alitoka jikoni mbio. "Mama, umesikia radi? Na hakuna hata wingu."

"Nimesikia."

Aliweka ndoo chini, akamshika mtoto kichwani muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akageuka. Kilimani kulikuwa na mtu wa kupelekwa mjini.

"Asali ya Itigi hiyo," alisema akiondoka. "Ina sisimizi. Chujeni."