Visanduku vya Posa ya Feruzi

“Nataka uvitengeneze wewe mwenyewe. Kwa mikono yako, si kwa mikono ya mtu mwingine.”

Bi Mwasiti alisema hivyo akiwa amesimama barazani, viatu hajavua. Raisa alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya karatasi za rangi, chupa ya kole ya kubandikia na mkasi, akikunja visanduku vya Idi. Rumonge nzima ilijua kazi yake. Sikukuu ikikaribia, watu walikuja kwake kuchukua visanduku vya karatasi vyenye maua na utepe, wakavijaza tende, visheti na pipi za bombo, wakapelekeana majumbani.

“Karibuni mukae, mama,” Raisa alisema. “Ni visanduku vya Idi?”

“Vya posa. Siku ya tatu ya Idi tunakwenda Magara kumposea Feruzi.”

Mkasi ulisimama katikati ya karatasi.

Feruzi, fundi wa mota za boti, mtoto wa pekee wa Bi Mwasiti, alikuwa mpenzi wa Raisa. Walipendana miaka miwili, na mtaa wote ulijua. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba baada ya Idi atakuja kujitambulisha kwao.

“Kumposea nani?” Raisa aliuliza.

“Fahima, binti wa mzee Tahiri. Baba yake anauza samaki pale pwani ya ziwa. Mutoto mzuri, hajawahi kuolewa.” Bi Mwasiti alimkazia macho. “Nadhani unanielewa.”

“Nawaelewa.”

“Sina ubaya na wewe, Raisa. Lakini siwezi kumuoza mwanangu wa pekee kwa mwanamke aliyerudishwa kwao bila mtoto.”

“Sikurudishwa, mama. Nilirudi.”

“Ni kitu kimoja.”

“Si kitu kimoja.”

Bi Mwasiti alitoa tabasamu dogo. “Basi vitengeneze. Ukivikunja wewe mwenyewe, moyo wako utaelewa kwamba imekwisha. Ao unakataa komandi yangu ya visanduku?”

Raisa aliichukua karatasi upya na kuinyoosha juu ya goti.

“Sikatai. Ila chini ya kila kisanduku naandika jina langu. Ndiyo desturi yangu.”

“Vyangu usiandike.”

“Basi mutafute fundi mwingine.”

Wote wawili walijua kwamba fundi mwingine hakuna, kuanzia hapo mpaka Bujumbura. Bi Mwasiti aligeuka na kuondoka. Alipofika barabarani alisema bila kuangalia nyuma:

“Andika. Hakuna anayesoma chini ya kisanduku.”

Mama yake Raisa alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Alitoka akajifuta mikono kwenye kanga.

“Utakataa, sivyo? Utasema unaumwa.”

“Nikisema naumwa, watasema nimelia mpaka nikalala kitandani.”

“Waseme. Watu wamesema mangapi?”

“Wamesema ya kutosha, mama. Hili sitawapa.”

Alichukua simu akampigia Feruzi, ambaye alikuwa Nyanza-Lac akitengeneza mota za wavuvi. Feruzi aliitikia haraka, sauti yake imejaa furaha.

“Kipenzi. Nilikuwa nakuwaza sasa hivi.”

“Mama yako ametoka hapa. Ameagiza visanduku vya posa yako.”

Mota moja ilisikika ikikohoa kwa mbali, kisha ikazimika.

“Feruzi, unajua ama hujui?”

“Raisa, nisikilize kwanza.”

“Nimeuliza swali dogo.”

“Najua. Lakini si vile unavyofikiri. Mama ana tansiyo, damu inampanda. Nikimkatalia anaanguka. Niliitikia ili atulie. Nikirudi, nitatafuta namna.”

“Namna gani? Mukishafika Magara na wazee, mukakaa, mukala, utatafuta namna gani?”

“Nipe muda.”

“Na huyo Fahima, naye umempa muda? Amejua kwamba unatafuta namna?”

Raisa alikata simu. Baada ya muda mfupi mesaji iliingia: *Nakuomba usivitengeneze. Itaniuma kuviona.*

Raisa aliisoma mara mbili, akaandika: *Mimi sikatai kazi. Wa kukataa ni wewe.*

Kisha akaizima simu, akavuta karatasi nyeupe na ya dhahabu, akaanza.

Watu wanaodhani kazi ile ni mchezo hawajawahi kuijaribu. Kartoni inakatwa, inapigwa mstari wa kukunjia, inavishwa karatasi ya rangi bila kuacha hewa ndani, halafu maua yanazungushwa vipandevipande mpaka yafumbuke yenyewe. Mkono ukitetemeka, kona inapinda na kifuniko hakikai. Raisa alikataa mkono wake utetemeke. Alipohisi machozi yanakuja aliweka mkasi chini, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama akiyatazama maji ya ziwa mpaka macho yakakauka, akarudi kukaa. Hakuna tone lililoanguka kwenye karatasi ya mtu.

Mama yake alikuja siku moja kuviangalia vilivyopangwa ukutani.

“Umevifanya vizuri hivi kwa nini?” aliuliza kwa uchungu. “Ungeilipua tu kazi yenyewe.”

“Huyo binti wa Magara amenikosea nini?”

Mama aliunyoosha utepe wa kisanduku kimoja, akarudi jikoni.

Siku ya tatu ya Idi, Raisa alivaa kitenge chake cha buluu, akafunga mtandio, akapanga kwenye makapu mawili visanduku, vimejazwa tende na bombo zilizotumwa na Bi Mwasiti, na kupanda gari la Magara. Mama yake alikuwa amemsihi amtume mtu. Hata Bi Mwasiti, alipomwona akishuka mbele ya nyumba ya mzee Tahiri, alikuja mbio ili amzuie mlangoni.

“Ungetuma mutu.”

“Komandi napeleka mwenyewe. Niviweke wapi?”

“Nipe mimi. Wewe rudi.”

Lakini wanawake wa nyumba walikwisha kutoka. Wakaviona, wakaanza kuvishika na kuvigeuza, na mmoja akamshika Raisa mkono: “Ingia ndani, dada. Bibi arusi mwenyewe anataka kuviona.”

Fahima alikuwa ameketi kitandani, hina bado mbichi juu ya mikono. Alikuwa msichana mwembamba, macho makubwa, mtulivu. Alimwomba Raisa amsogezee kisanduku kimoja karibu, akakitazama pande zote.

“Ni kizuri sana. Kigeuze, nione chini.”

Raisa alikigeuza. Fahima akasoma. Uso wake ukabadilika.

“Raisa. Wewe ndiye Raisa wa Rumonge?”

“Ndiyo.”

“Jina hilo nimelisikia. Wauza samaki waliniambia Feruzi ana mtu kwao, anaitwa Raisa. Nikamuuliza Bi Mwasiti, akasema ni maneno ya watu tu, ilikwisha zamani.” Fahima aliwaambia wanawake wengine watoke. Mlango ulipofungwa akauliza, “Ilikwisha?”

Hapo Raisa angeweza kuitikia, akachukua makapu yake na kwenda zake. Alilifikiria hilo. Alifikiria pia maisha ya msichana huyu, akikaa miaka na mwanaume aliyeletwa na mama yake.

“Haikuisha,” alisema. “Hajaniacha, wala mimi sijamwacha. Wiki moja kabla ya komandi hii aliniambia anakuja kwetu.”

“Umekuja kuharibu shughuli yangu?”

“Nimekuja kuleta visanduku. Umeniuliza, nimejibu. Kama hungeuliza, ningekutakia heri na kuondoka.”

Fahima aliitazama hina ya mikononi mwake.

“Mimi nilikubali kwa sababu baba alikubali,” alisema mwishowe. “Nikasema nitamzoea. Lakini siwezi kumzoea mtu wa mwingine.”

Alisimama, akajitanda mtandio kwa viganja ili hina isiguse, akafungua mlango na kwenda moja kwa moja sebuleni, walipokaa wanaume, na Bi Mwasiti kando yao. Siku ya posa msichana hatoki mbele ya wanaume. Mzee Tahiri akaweka chini kikombe chake.

“Fahima, ni nini iko?”

“Baba, munisamehe. Nina swali moja kwa mgeni wetu, mbele yenu.” Akamgeukia Feruzi, aliyekuwa amekaa kati ya wajomba zake kwenye kanzu mpya. “Feruzi, unanitaka mimi?”

Feruzi alimtazama mama yake.

“Usimuangalie mama yako. Sikumuuliza yeye.”

Ndipo Feruzi akamwona Raisa amesimama kwenye korido.

“Hapana,” alisema kwa sauti ndogo. Kisha akarudia kwa nguvu. “Hapana. Namtaka Raisa. Nilipaswa kusema mapema. Mzee Tahiri, nimewakosea, na nimemkosea binti yenu.”

Bi Mwasiti aliinuka. “Feruzi, unaniaibisha kwa ajili ya mwanamke aliyerudishwa? Mwanamke asiyezaa?”

Neno lile lilitua mbele ya wote. Miaka mitatu Raisa alikuwa amelisikia sokoni, kisimani, misibani, likisemwa nyuma ya mgongo wake. Sasa lilikuwa mbele, na mlango ulikuwa wazi. Aliingia sebuleni.

“Wazee, amahoro, amani iwe nanyi. Mimi si wa shughuli hii, lakini nimetajwa. Mume wangu wa Bujumbura alileta mwanamke mwingine kwenye chumba changu, kwenye kitanda nilichokwenda nacho, akaniambia niwapikie. Nikafunga nguo zangu nikapanda basi. Alinifuata mara mbili nirudi, nikakataa. Kama kuna mtu hapa anayeita hiyo kurudishwa, aseme nimsikie.”

Mjomba mmoja wa Feruzi, Asmani, aliangalia chini akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali.

Feruzi alimjia Raisa, mikono imenyooka. “Umesikia mwenyewe. Nimesema mbele ya watu. Twende nyumbani.”

“Nimesikia. Siendi.”

“Raisa.”

“Umesema kwa sababu umeulizwa, tena na binti mwenye ujasiri kukushinda. Angenyamaza, leo ungekula wali wa posa na mimi ningerudi na makapu matupu. Mimi sitaki mwanaume wa kubanwa ukutani ndipo aseme.”

Akachukua makapu yake. Mlangoni, Fahima alimshika kiwiko kwa viganja ili hina isimguse.

“Visanduku viache,” alisema. “Watoto wa mtaa watakula bombo. Shughuli imekwisha, sukari haina kosa.”

Wakaangaliana, na katikati ya balaa lile wakacheka kidogo, wanawake wawili ambao asubuhi hawakuwa wakijuana.

Feruzi alipiga simu siku zote zilizofuata. Raisa hakuitika. Feruzi akaandika mesaji ndefu, za msamaha, za kumbukumbu, za kulia. Raisa alijibu moja tu: *Kama unanitaka, njoo mchana na watu wako, useme kwa mdomo wako kabla hujaulizwa. Mimi sichukuliwi kwa mlango wa nyuma.*

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Mama yake Raisa alianza kuwa na wasiwasi.

“Umemfukuza kabisa, mwanangu. Wanaume hawaombwi hivyo.”

“Sijamuomba.”

“Na asipokuja?”

“Basi nitajua nilikuwa napenda mtu ambaye hayupo. Itauma, halafu itapoa.”

Pasaka ilikuwa inakaribia, na Wakristo nao walitaka visanduku vyao. Mwalimu Jovita alikuwa ameagiza vya darasa lake zima, vya rangi ya njano na kijani. Jovita ndiye aliyekuwa barazani, Jumamosi moja saa za mchana, akichagua utepe, alipoinua macho akasema:

“Raisa, we. Hawa watu wanakuja kwako.”

Feruzi alikuwa mbele. Nyuma yake mjomba Asmani, wazee wengine wawili, na wanawake wenye sinia zilizofunikwa. Walipita katikati ya soko, barabara kubwa, kila mtu akiwaona. Nyuma kabisa, mbali kidogo na wenzake, alitembea Bi Mwasiti.

Mama yake Raisa alikimbia kutandika mikeka. Mjomba wa Raisa aliitwa kutoka jirani. Jovita alitaka kuondoka, akaambiwa abaki, naye akabaki kwa furaha. Wakakaa. Kabla mjomba Asmani hajafungua mdomo kusema maneno ya posa, Feruzi alinyanyuka.

“Wazee, hakuna aliyeniuliza, ila nataka kusema. Nilimpenda binti yenu nikaogopa kumtetea. Nilimwacha asimame peke yake mahali ambapo mimi ndiye nilipaswa kusimama. Nimekuja kuomba msamaha kwanza. Posa iwe ya pili. Mukikataa posa, msamaha bado nauomba.”

Bi Mwasiti alikuwa hajaingia. Alisimama nje, kwenye jua. Raisa alitoka akamfuata.

“Mama, karibuni ndani.”

“Aliniambia posa itakwenda, nije nisije,” Bi Mwasiti alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe. Mimi sijakupenda, Raisa. Sitakudanganya.”

“Sijawaomba munipende leo. Nawaomba muingie. Jua ni kali.”

Bi Mwasiti alimtazama. “Na kama hutazaa?”

Feruzi aliwafikia kabla Raisa hajajibu. Wote waliokuwa ndani walimsikia.

“Kama hatutazaa, mama, hatutazaa pamoja. Sitamletea mwenza, na wewe hutamletea. Nilisema nyumbani, narudia hapa ili wawe mashahidi.”

Bi Mwasiti akavua viatu, akaingia, akakaa, na Raisa na Feruzi wakamfuata ndani.

Mjomba wa Raisa alikohoa. “Raisa, umewasikia wageni. Unasemaje?”

Raisa alitazama mikono ya Feruzi, iliyobana magoti kwa nguvu, bado ina weusi wa mafuta ya mota kwenye kucha. Hakuwahi kumwona akiogopa hivyo na bado akabaki mahali pake.

“Nimekubali,” alisema. “Arusi iwe baada ya Pasaka, nikishamaliza kazi za watu. Na nikiolewa, kazi yangu siachi.”

“Nani amekwambia uache?” Bi Mwasiti aliuliza, kidogo kwa ukali.

“Hakuna. Nimesema mapema tu, mama.”

Aliwahi kuwaita mama wanawake wengi kwa heshima, na Bi Mwasiti alikuwa mmoja wao. Lakini safari hii alilitamka kama mkwe, na Bi Mwasiti akainua uso, akamwangalia, akasogea kidogo kwenye mkeka kumpa nafasi ya kukaa.