Utambaa Mwekundu wa Chupa

Kila Jumamosi ua wa akina Chiriku ulinukia sabuni. Mama yake, mpika sabuni, alivaa glavu ndefu, akajifunika pua na kuyeyusha kostiki, chembe kali za kupikia sabuni, kwenye maji, huku watoto wamekaa mbali. Kostiki huchoma ngozi, lakini ikishayeyuka huwezi kuitofautisha na maji ya kunywa.

Siku hiyo ilibaki kidogo. Mama aliimimina kwenye chupa tupu ya maji, akaifunga utambaa mwekundu shingoni, akaisukuma chini ya meza ya jikoni. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: chenye utambaa hakiguswi. Hata bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa akipapasa kwanza shingo ya kila chupa kabla ya kuifungua.

Mama alipoondoka kupeleka sabuni dukani, rafiki mmoja wa Chiriku alichungulia mlangoni.

"Wee Chiriku, timu yetu inavaa nyekundu mkononi. Kama huna, leo utacheza na mdomo wako."

"Ninacho. Hebu ngoja, usianze kunisimanga."

Chiriku akaufungua ule utambaa, akaufunga mkononi. Nitaurudisha kabla mama hajafika, akajiambia.

Mchezo wa kamba ulikuwa umenoga aliposikia mdogo wake akilia. Hakikuwa kilio cha kudeka. Alipofika jikoni alimkuta Kitinda, kitindamimba wao, mate yanamtiririka na midomo imemwiva. Bibi alikuwa ameshika kikombe.

"Ameomba maji, mjukuu wangu. Nimepapasa chupa, haina kitu shingoni. Ameonja tu, akatema. Sijui amepaliwa? Nishikie nimtie kidole, atapike."

Chiriku alificha mkono nyuma. Yeye aliyepewa jina la ndege kwa kutonyamaza, leo ulimi ulimganda. Akisema, watajua ni yeye. Kitinda akalia tena, akamnyooshea mikono.

"Bibi, usimtapishe," Chiriku akasema. "Mama husema ikichoma kuingia, itachoma na kutoka. Siyo maji. Ni kostiki. Utambaa nimeufungua mimi."

Bibi hakumkaripia. Alikiweka kikombe chini. "Basi umesema. Mwite fundi viatu hapo jirani, ana pikipiki. Kimbia."

Fundi aliacha kiatu cha mteja kikiwa bado na sindano. Alimsukutua mtoto mdomo kwa maji safi ya mtungini, akamwagiza Chiriku aitie ile chupa kwenye mfuko, kisha akawapakia bibi na mtoto kwenye pikipiki. Chiriku akabaki peke yake kumngoja mama. Utambaa aliufungua mkononi, akakosa pa kuuweka.

Mama aliporudi alimweleza yote. Walikwenda zahanati, na mama hakumwachia mkono njia nzima.

"Mmefanya vizuri kutomtapisha na kuleta chupa," muuguzi aliwaambia. "Tulijua mara moja pa kuanzia. Midomo na ulimi vimeungua, ila daktari ameona koo ni zima. Atalala hapa tumwangalie."

Bibi alikuwa kwenye benchi, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi ndiye niliyemnywesha, mwanangu."

"Hapana, mama. Wewe ulipapasa kama tulivyokuzoesha." Mama akamgeukia Chiriku. "Wewe umekosa kwa kuondoa alama. Lakini umesema kweli palipohitajika, na kweli hiyo imemsaidia mdogo wako. Na mimi nilikosa kabla yako. Nimeweka sumu ndani ya chupa ya maji, nikautaka utambaa ufanye kazi ya kufuli. Utambaa hufunguka, mwanangu. Dawa kali hukaa kwenye chombo chake chenye maandishi, juu, tena kwa ufunguo. Na ikibaki haimwagwi mtaroni wanakopita watoto. Itaingia kwenye sabuni inayofuata."

Kitinda alirudi nyumbani akinywa uji uliopoa, kijiko kwa kijiko. Kostiki ilikuwa tayari imefungiwa sandukuni, juu ya kabati. Siku ya kwanza alipoomba maji, bibi alichukua chupa na kupapasa shingo yake taratibu, mara moja, kisha tena. Chiriku, aliyekuwa katikati ya hadithi ndefu, alinyamaza mpaka bibi alipomaliza. Kisha akaonja yeye kwanza.

"Ni maji, bibi," akasema. "Mpe."