Ua Lililozikwa Hai

Nyumba ya Fundi ilijulikana kwa kelele zake. Mchana ilipiga kelele cherehani, chuma kikongwe ambacho kikianza kushona, vikombe vilihama vyenyewe kabatini. Usiku alipiga kelele mumewe, mpasua mbao. Mtaa mzima ulimwita Msumeno. Watu wa mbali walidhani jina lilitokana na kazi. Waliopakana naye ukuta walijua lilitokana na kukoroma.

Sasa nyumba ilikuwa kimya. Msumeno alikuwa ameugua kifua, akalazwa, akafa. Fundi aliendelea kushona, lakini alikanyaga cherehani polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Asubuhi moja alichutama uani, mbele ya chungu cha udongo. Ndani ya chungu kulikuwa na ua la mumewe. Ua ni neno tu. Hapakuwa na ua wala jani. Palikuwa na mizizi mitatu minne iliyochungulia juu ya udongo, rangi ya chai iliyokolea. Fundi alibonyeza mmoja kwa kidole. Ukapasuka, ukatoa maji yenye harufu mbaya.

"Vipi?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Vilevile, mama."

"Vilevile ndiyo vipi? Linakufa, sema."

Fundi aliongeza mbolea ya kuku, akamwagilia.

"Lifie mbali," mama mkwe alisema. "Kupe huyo. Aliunyonya mti mpaka ukaangushwa, akaletwa hapa akamnyonya mwanangu. Sasa amekosa wa kumnyonya."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Mama aliyezika mwanawe wa pekee hubishani naye.

Ua lile Msumeno alilileta kutoka kazini. Walikuwa wameangusha mti mkubwa, na juu kabisa, kwenye tawi, likakutwa fungu la mizizi ya kijivu iliyotapakaa kama tambi zilizomwagika. Wenzake walitaka kulikanyaga. Yeye alikata kile kipande cha tawi, akakibeba begani mpaka nyumbani, akakitundika ukutani. Fundi alicheka sana siku ile. "Wenzako wanaletea wake zao maua. Wewe umeniletea mizizi!"

Mwaka uliofuata mizizi ilichanua. Maua meupe, madogo kama vifungo vya shati la mtoto, yalijipanga kwenye vikonyo. Jioni yalinukia, na Msumeno akajisifu kwamba mbu wote wa mtaa wamehama kwa aibu ya kunuka jasho.

Kisha mchwa wakaliingia lile tawi. Na kabla hajashughulikia mchwa, ugonjwa ukamwingia yeye.

Siku ya mwisho hospitalini, pumzi ilimtoka kwa mafungu. Mkewe alikaa upande huu wa kitanda, mama yake upande ule. Alisema, "Lile ua… tawi linaliwa… ulipandi…" Kikohozi kikamkamata, kikamalizia kila kitu.

Ulipande. Ndilo neno alilomwachia. Ndiyo maana Fundi alinunua chungu kizuri kuliko vyote, akachekecha udongo, akaifukia ile mizizi na kuishindilia kwa viganja vyake viwili. Tangu hapo hakukosa kuimwagilia hata siku moja. Na tangu hapo ilikuwa inakufa.

Mchana ule aliingia jirani yao, mwenye ovaroli iliyopasuka kwapani. Mwanamke huyu alitunza maua kwenye bustani kubwa ya mimea, na maua hayohayo yalimpigisha chafya. Akipita mtaani, chafya yake ilitangulia nyumba tatu. Walimwita Mama Chafya, naye aliitika.

"Hodi, Fundi! Nishonee hapa, kabla bosi hajaona visivyoonwa." Kisha akakiona chungu. Akainama. Akanusa. Hakupiga chafya. "Dada, humu umemzika nani?"

Fundi aliacha sindano. "Sijazika. Nimepanda. Ni ua la marehemu."

Mama Chafya alichimba kwa vidole. Mizizi ilimegeka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Akakaa chini, mzima mzima, sakafuni pale uani. "Hii ni okidi," alisema. "Ya aina isiyo na majani. Jamani. Kazini kwetu tuliwahi kuwa nayo moja tu."

"Ugonjwa gani umeipata?"

"Haikuwa na ugonjwa. Ulikuwa unaizamisha." Aliliinua fungu lote kutoka udongoni, akaonyesha mzizi mmoja uliosalia mzima, wenye ganda la kijivu. "Lete ile chupa yako ya kunyunyizia nguo ukipiga pasi."

Alinyunyiza maji. Taratibu, ule ukijivu ukageuka kijani.

"Umeona hicho kijani? Mimea mingi hujipikia chakula kwa majani, kwa mwanga wa jua. Huu umetupa majani. Mizizi yake ndiyo majani yake. Inahitaji mwanga. Inahitaji upepo. Maji inayanywa kutoka kwenye mvua na unyevu wa hewani, halafu inataka kukauka kabla ya kunywa tena. Ukiifukia, hakuna mwanga, hakuna hewa. Inaoza."

"Kwa hiyo si kupe?" mama mkwe aliuliza mlangoni, kwa sauti ya kutaka ugomvi.

"Hapana, mama. Kupe wa mti huchomeka mizizi yake ndani na kunyonya. Hii inashikilia gome tu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Uliwahi kuona mtu akila kiti? Ndiyo maana sisi wa bustanini tunasema okidi ya aina hii haipandwi, inapandishwa."

Fundi alisimama ghafla. Chupa ikaanguka.

"Sema tena."

"Nini?"

"Ulivyosema mwisho."

"Haipandwi. Inapandishwa. Unaipandisha juu ya mti ulio hai, unaifunga…" Uso wa Fundi ulikuwa umebadilika rangi.

"Hakusema ulipande," Fundi alisema. "Alisema ulipandi… Kilibaki kipande kidogo. Pumzi haikutosha. Ulipandishe. Tawi linaliwa, ulipandishe mtini." Alishika mdomo. "Nimeliua kwa mikono yangu. Kitu kimoja alichoniomba, nimekifanya kinyume, tena kwa bidii!"

Alilia kilio ambacho hakukilia makaburini. Mama Chafya aliokota chupa, akaishika tu.

Aliyesema ni mama mkwe. Alikuwa ameinuka kwenye kiti. "Nilikuwepo, mwanangu. Masikio yalikuwa manne pale. Na mimi nilisikia ulipande. Usijibebeshe peke yako."

Wakakaa watatu kuzunguka chungu, kama msibani kwa mara ya pili.

"Je, nitafute jingine msituni?" Fundi aliuliza baadaye. "Niwaambie wenzake wa kazini?"

"Wapi? Pale alipolitoa hapana mti hata mmoja leo. Na okidi hizi hazizaliani ovyo. Mbegu yake ni vumbi, Fundi. Ukipumua karibu unaivuta puani. Haina chakula ndani. Ikianguka, ni lazima ikutane na kuvu, jamaa ya uyoga, ya kuilisha mpaka ijiweze. Wasipokutana, imekufa. Tena maua yake yanahitaji mdudu wake. Iko okidi moja nchi za mbali yenye mrija wa asali mrefu kama rula ya shule. Asali iko chini kabisa. Anayeifikia ni nondo mwenye ulimi mrefu vilevile."

"Muongo wewe," mama mkwe alisema.

"Wallahi, mama. Mimi hudanganya kuhusu umri tu. Nondo yule akiisha, ua nalo halizai. Ndiyo maana anayebandua okidi kwenye mti wa msituni hapunguzi moja, anapunguza na zote ambazo zingezaliwa. Tusiziguse. Mumeo alifanya sawa, kwa sababu mti ulikuwa umeshaanguka."

"Na huu mzizi mmoja?"

Mama Chafya aliugeuzageuza. Katikati ya fungu, palipoungana mizizi yote, palikuwa bado pagumu. "Sikudanganyi. Pengine umeshakufa, haujajua tu. Lakini tufanye inavyotakiwa."

Walikata mizizi yote iliyooza kwa mkasi uliochemshwa. Waliosha kilichobaki, wakakiacha kikauke kivulini. Kisha wakaenda kwenye mparachichi uliokuwa nyuma ya choo, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mama Chafya alikataza waya, kwa sababu unakata. Alikataza kurundika udongo na mbolea. Alitaka kitambaa laini.

Fundi aliingia ndani. Alikaa sana. Alipotoka, alikuwa na utepe wa bluu, umekatwa kwenye shati la kazi la Msumeno. Mama mkwe aliutambua, akatazama pembeni. Wakaifunga okidi kwenye gome, si kwa kubana.

Kisha hapakutokea kitu. Asubuhi Fundi alinyunyiza maji kwa chupa ya pasi. Mzizi uligeuka kijani, ukakauka, ukawa kijivu. Jioni aliutazama bila kuugusa, ingawa mikono ilimwasha kumwagilia. Mwezi ukaisha. Utepe ukapauka. Mama mkwe aliacha kuuliza. Hata Mama Chafya akipita alichungulia, akatikisa kichwa, akaongelea mambo mengine.

Fundi aliota mara nyingi kwamba anashindilia udongo kwa viganja, na chini ya udongo mtu anakohoa.

Mvua zilikuja, zikaenda. Siku moja mama mkwe, aliyekuwa akijivuta na fimbo kwenda chooni, alikawia. Fundi alimfuata, akamkuta amesimama chini ya mparachichi, pua karibu igonge gome.

"Macho yangu mabovu," mama mkwe alisema. "Wewe tazama. Hicho nini?"

Pembeni mwa ule mzizi wa zamani palichomoza ncha mpya. Ilikuwa ndogo kama kucha ya kidole cha mwisho, kijani kibichi, inang'aa. Ilikuwa imeshashika gome.

Hawakupiga vigelegele. Maua hayakuwepo, na Mama Chafya alisema huenda yakachukua miaka, huenda yasije. Msumeno hakurudi. Lakini mtaani watu walianza kuja kutazama, na aliyezoea kuparua "kupe" kwenye miti yake kwa panga aliuliza kwanza ni kupe wa kunyonya au ni mgeni aliyekaa tu.

Fundi alipobaki peke yake, alisogeza mdomo karibu na ule utepe wa bluu. Alimalizia kipande cha neno ambacho mumewe alikosa pumzi ya kukitamka.

"…she," alisema. "Nimesikia, baba. Nimelipandisha."

Alirudi ndani, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga. Kabatini, kikombe kimoja kilihama.