Katazo Lililosomwa na Wachache

Mwanamume aliyevaa buti za mpira alisimama mlangoni pa karakana bila kupiga hodi, suruali yake imelowa mpaka magotini. Kamusi, aliyekuwa ameinama akiosha brashi kwa mafuta ya taa kama afanyavyo kila atokapo shule, aliinua kichwa. Hakuwahi kumwona mtu huyo.

"Mchora mabango yuko wapi?"

"Mama mdogo ametoka, mjomba. Karibu ukae."

"Nikikaa nitachelewa. Mimi ni fundi bomba wa nyumba za nyuma huko. Nimetia dawa kali kwenye tangi. Kwa siku nne maji ni ya kufulia na kupigia deki tu. Nataka bango kabla ya jioni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana kuna wapangaji wageni ambao Kiswahili chao bado kichanga. Nani ataandika hicho Kiingereza?"

Msichana alijifuta mikono. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina la Kamusi alilipata darasani kwa kujibu kila swali la Kiingereza. Jumamosi, kesho kutwa, angeiwakilisha shule kwenye shindano.

"Mimi," alisema.

Kiswahili hakikumsumbua: USINYWE MAJI HAYA. Kiingereza alitaka kiwe cha msomi. Alifungua kitabu cha maneno, akayaruka yale mepesi kama mtu anayeruka madimbwi, kisha akaandika: CONSUMPTION STRICTLY PROHIBITED, yaani matumizi ni marufuku kabisa. Herufi zilisimama wima kama askari.

Jambo moja hakulifanya. Mama mdogo hakuwahi kupaka rangi kabla ya kuandika maneno kwa chaki na kumwita mpita njia yeyote ayasome. Mpita njia akikwama, maneno yanafutwa. "Nani wa kunikosoa mimi Kiingereza?" Kamusi aliwaza, akachovya brashi.

Ijumaa alipotoka shule, alimkuta fundi bomba amekalia kopo tupu la rangi, uso umemshuka. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele yake.

"Mtoto wa wale wageni alikunywa maji ya tangi jana jioni," fundi alisema. "Ametapika usiku kucha. Zahanati wanasema atapona. Mama yake ananiuliza kwa nini sikuwaonya. Namwonyesha bango. Anasema yeye na mtoto wameliona bango, ila hawakujua linasema nini."

"Kosa ni langu," mama mdogo alisema. "Kila kazi inayotoka humu ni yangu."

Maneno hayo yalimpa Kamusi mahali pazuri pa kujificha. Kisha akamfikiria mtoto aliyeinamia beseni.

"Si lake, mjomba. Niliandika mimi, na sikumpa mtu asome kwanza."

Fundi alimgeukia. "Basi umesema kweli, na kweli ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni bango jipya. Bomba nimelifunga, lakini kesho saa moja asubuhi lazima nifungue. Watu wana nguo za kufua."

Mama mdogo alimpeleka Kamusi kwa wale wageni. Mtoto, wa miaka minane hivi, alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo umempauka.

"Pole, mdogo wangu. Lile bango niliandika mimi," Kamusi alimwambia kwa Kiingereza.

"Ni zuri," mtoto alisema. "Herufi zake nzuri."

Sifa hiyo ilimchoma Kamusi kuliko tusi. Alitoa chaki, akaandika sakafuni PROHIBITED. Mtoto akatikisa kichwa. Akaandika FORBIDDEN. Mtoto akatikisa tena. Alipoandika DO NOT DRINK, usinywe, kwa maneno mepesi kabisa, mtoto akajiinua kwa kiwiko.

"Do not drink," alisoma. "Hiyo naijua. Mwalimu wa kule kwetu alisema hivyo kila siku. Do not run. Do not shout. Do not eat the chalk."

"Kuna mtu alikula chaki?"

Mtoto alitazama dari. Mama yake akacheka mpaka akafuta macho.

"Kesho nikienda kuchota maji ya kufulia, nitalikuta hilo la do not drink?" mtoto aliuliza. "Nisije nikasahau."

"Utalikuta. Nakuahidi."

Njiani mama mdogo alimshika bega. "Prohibited si neno baya, mwanangu. Ni la sheria na ofisi, mwenye mamlaka anapotangaza. No parking, hakuna kuegesha, inamfaa dereva anayepita mbio. Maneno mawili yanamtosha. Lakini mtoto akielekea motoni hutangazi. Unamwambia usiguse, naye anajua unasema naye. Hiyo ndiyo do not. Tunamkataza mtu ili tumlinde, si ili atusifu. Katazo lisiloeleweka ni sawa na kunyamaza."

Karakanani walikwangua bango na kulipaka nyeupe. Rangi hiyo ingekauka kukishakucha, ndipo herufi ziandikwe. Mama mdogo angeondoka kabla ya mapambazuko. Alikuwa na kazi katika mji mwingine. Na basi la shindano lingeondoka saa kumi na mbili na nusu.

"Mama mdogo, sasa itakuwaje?"

"Sikulazimishi. Nani alimwahidi mtoto?"

Kamusi alivaa viatu, akaenda nyumbani kwa mwalimu wake kumweleza yote, ili msichana aliyeshika nafasi ya pili ajiandae kwenda badala yake. Alirudi macho yamemvimba.

Asubuhi alikuwa mbele ya tangi, brashi mkononi. Alikuwa amefika kwenye neno la mwisho aliposikia honi ya basi nyuma ya ukuta, na wenzake wakiimba. Miezi mitatu alikuwa amejiandaa kwa asubuhi hiyo. Mkono ulimtetemeka. Alisubiri mpaka utulie, kwa kuwa herufi iliyotetemeka haisomeki vizuri, na huyu msomaji alikuwa bado mdogo. Sauti ya basi ikapungua, ikapotea.

Saa moja kamili fundi alifungua bomba. Mtoto alitokea kwenye kona polepole, ndoo mkononi, na bango la DO NOT DRINK lilikuwa mahali pake, rangi bado mbichi.