Cherehani Aenda kwa Mheshimiwa

Kila asubuhi ilikuwa vile vile. Cherehani anamvalisha mdogo wake shati, mkono mmoja unaingia vizuri, ule wenye plasta unakwama, mtoto anapiga kelele, na mama anauliza kutoka uani kama huko ndani wanachinja mtu. Kisha wanatoka mbio. Cherehani hakujua kutembea. Yeye alikuwa ni wa kukimbia au kulala, basi.

Jina hilo alipewa na wenzake wa kidato cha tatu. Akikaa kwenye dawati, mguu wake wa kulia haukai. Unacheza juu chini, juu chini, kama wa fundi anayewahi kumaliza sare na shule zinafunguliwa kesho. Mwalimu wa hesabu alishamwambia, "Binti, ungekuwa unashona kweli, shule nzima ingekuwa na mapazia."

Mbio zao ziliishia ukingoni mwa barabara ya kokoto. Malori yalitoka machimboni yakishuka mlima kama yamekatika breki, na shule ya msingi ilikuwa ng'ambo. Hakuna matuta, hakuna kivuko, hakuna hata kibao. Hapo Cherehani alimkamata mdogo wake ukosi wa shati. Tangu siku ile lori lilipomkosakosa, mtoto akarukia mtaroni na kuvunjika mkono, kila akifika hapo alikuwa anafumba macho.

"Dada, lipo?"

"Halipo. Twende."

"Angalia tena."

"Nimeshaangalia, bwana!"

"Tena."

Mchana, baada ya masomo, kulikuwa na klabu. Mama Wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa anakuja shuleni kuwafundisha jinsi ya kwenda kwa mbunge na kumweleza shida ya mtaa mpaka aielewe. Shida walishaichagua wenyewe: matuta. Na Mama Wakili alikuwa na mtindo wake. Anakaa kwenye kiti cha mwalimu, anajifanya yeye ndiye mheshimiwa, halafu anakusumbua makusudi. Anapokea simu katikati ya maneno yako. Anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Anapiga miayo mpaka unaona meno ya nyuma.

"Sema wewe ni nani, sema kilichotokea, sema unataka nini," aliwaambia. "Halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wanapoharibu."

Macho yote yakamgeukia Cherehani, mguu wake ukiendelea kushona.

Zamu yake ilipofika, alisimama akaeleza habari ya mdogo wake na mkono uliovunjika. Mama Wakili akapiga miayo ya kiheshimiwa. "Mkono? Pole. Mkono si unaunga? Anayefuata!"

Darasa likaangua kicheko. Yalikuwa mazoezi tu, lakini Cherehani alikaa chini masikio yanamwaka. Jioni yote hakutulia. Aliosha sufuria ile ile mara mbili, akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, mpaka mama akamwambia atafute pa kukaa, anamtia kizunguzungu.

Kesho yake Mama Wakili hakuja, wakafanya mazoezi wenyewe nyuma ya maabara. Cherehani akasimama. Sijui maneno yalitoka wapi, yalitoka tu.

"Lori lilimpitia mdogo wangu. Alikuwa darasa la pili. Hatuko naye tena."

Msichana mmoja akaanza kujifuta machozi kwa ukingo wa sketi. Walipomaliza, kijana mmoja waliyemwita Profesa, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akamvuta pembeni.

"Huyo mdogo wako si ndiye aliyenirushia ganda la muwa jana?"

"Nimetia chumvi kidogo."

"Kidogo? Umemwaga gunia zima!"

"Yalikuwa mazoezi, Profesa. Siku yenyewe nitasema ya kweli. Kwani wewe matuta huyataki?"

Profesa aliyataka. Akaenda zake bila kumshtaki.

Siku yenyewe ikafika. Ofisi ya mheshimiwa ilikuwa na feni inayolia na viti vya plastiki vilivyojaa watu wenye shida zao. Mwishowe wakaitwa: Mama Wakili, Profesa na Cherehani. Mheshimiwa alikuwa mtu mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Cherehani alitaja jina lake na shule yake vizuri kabisa. Alipofungua mdomo kueleza kilichotokea, simu ikaita. Mheshimiwa akapokea, akaongea, akacheka, akakata. Kisha akapiga miayo.

Kumbe Mama Wakili hakuwa akiigiza chochote!

Cherehani akaona darasa zima linamcheka upya. "Mheshimiwa," alisema, "lori limemuua mdogo wangu."

Mheshimiwa akaiweka simu mezani. Profesa akainamisha kichwa. Mama Wakili akageuka taratibu akamtazama Cherehani, na hakuacha kumtazama.

"Lini?" mheshimiwa aliuliza. Hakungoja jibu, alikwishasimama. "Siwezi kusikia msiba katika jimbo langu halafu nikakaa hapa napigwa na feni. Katibu! Mwambie dereva alete gari. Tunakwenda kutoa pole nyumbani kwao, sasa hivi."

Mguu wa Cherehani ukasimama. Ulisimama kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

Akilini alimwona mama uani, mikono imejaa povu la sabuni. Gari linasimama, watu wenye suti wanashuka, wanasema pole mama, pole sana kwa mtoto. Na mtoto hayuko nyumbani kumkanushia mtu, yuko shuleni, ng'ambo ya barabara ile ile. Mama angeamini. Mama angeanguka hapo hapo.

Nje gari likapiga honi.

"Hajafa!" Cherehani alisema. Sauti ilimtoka kubwa mno. "Mheshimiwa, hajafa. Alivunjika mkono. Niliongopa."

Katibu alibaki mlangoni, mdomo wazi. Mheshimiwa akakaa chini. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka.

"Ningesimama bungeni na maneno yako haya, unajua ingekuwaje? Mwenye malori angemleta mdogo wako mzima mzima mbele ya kamera. Mimi ningechekwa, nyie mngechekwa, na matuta mngeyasikia kwenye redio. Kwa nini umefanya hivyo?"

"Kwa sababu mkono unawapigisha watu miayo."

Mheshimiwa akatazama simu yake kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kitu mkononi. "Muda wenu umekwisha," alisema.

Mama Wakili akasimama. Ungedhani atamtetea mwanafunzi wake, wala. Alichukua mkoba wake. Cherehani ndiye hakuinuka.

"Mheshimiwa, mwongo ni mimi. Barabara haijaongopa. Naomba niseme ya kweli, halafu unifukuze."

Mheshimiwa akaegemea kiti chake. Basi Cherehani akasema. Hakupamba. Alisema habari ya ukosi wa shati, na mtoto anayefumba macho barabarani na kuuliza lori lipo, na akiambiwa halipo hasadiki. Alisema watoto wa darasa zima wanavuka hapo, na si wote wana dada. "Tunaomba matuta na kivuko mbele ya shule."

Halafu akanyamaza.

Jamani, kunyamaza! Feni ililia. Mguu ulimwasha, akaubana chini ya kiti. Maneno yalijipanga mdomoni kama watu kwenye foleni ya maji, akayafungia. Mheshimiwa alikuwa anamtazama.

"Sitoi ahadi," mheshimiwa alisema mwishowe. "Kesho asubuhi nitasimama hapo mwenyewe. Nikikuta uongo mwingine, mlango huu msiujue tena."

Nyumbani, mama alisikia yote kutoka kwa Cherehani mwenyewe. Alikausha mikono taratibu. "Mimi nimemzaa, wewe umemzika," alisema. Wala hakumpiga, na maneno hayo yalimkaa Cherehani kifuani kuliko fimbo.

Asubuhi mheshimiwa alikuja kweli. Alisimama ukingoni na viatu vyake vinavyong'aa, akisema barabara mbona inaonekana tulivu. Lori likatokea kwenye kona. Mheshimiwa aliruka, miguu yote miwili, akatua mtaroni, tope mpaka vifundoni, vumbi likamfunika kama unga.

"Si huko!" mdogo wake Cherehani alipiga kelele, macho yamefumbwa. "Huko ndiko nilikovunjikia mkono!"

Hakuna aliyecheka mpaka mheshimiwa alipocheka mwenyewe.

Matuta hayakuja wiki ile wala iliyofuata. Klabu ilirudi ofisini, ikarudi tena, mpaka katibu akawa anawasalimia kwa majina ya utani. Plasta ilikuwa imeshatolewa mafundi walipokuja na lami yao, wakatandika kipande cha mbele ya shule na kuinua matuta. Siku ya rangi nyeupe ya kivuko kupakwa, Mama Wakili alisimama na wanafunzi wake kando ya barabara.

"Nataka mlijue hili," aliwaambia, akimtazama Cherehani. "Kweli yenu ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Aliyepiga miayo ndiye alikuwa na kasoro, si kweli yenu. Mtu akikupigia miayo, rudi kesho umwambie kweli ile ile. Ukimwongopea, siku utakayomlilia sana hatakusadiki, na wenye shida kama yako hatawasadiki pia."

"Ndiyo, Mama Wakili," alisema Cherehani.

"Marehemu, pita!" Profesa alimwita mdogo wake Cherehani. Jina hilo lilishamganda mtoto, na alilipenda kuliko lake.

Lori likashuka mlima, likafika kwenye tuta, likanyong'onyea kama lililokemewa. Mtoto alilitazama, macho wazi, akavuka mwenyewe bila kumuuliza mtu. Cherehani alibaki upande huu, vidole vimekunjwa hewani, kana kwamba bado vimeshika ukosi wa shati.